Bahasha Iliyofunguliwa Mchana Kweupe

Bahasha ikishafungwa haifunguliwi. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Verediana Shirima aliishika kwa miaka sita bila kuipinda, na hakuishika kwa kuwaogopa wakubwa. Aliishika kwa sababu aliiamini.

Kanuni yenyewe ilikuwa na chanzo chake. Shule nne za Kikatoliki za Durban, Afrika Kusini, moja Glenwood, moja Bluff, moja Chatsworth na moja katikati ya mji, zilikubaliana na chuo kikuu cha Kanisa kwamba kila mwaka zitatenga nafasi kwa watoto ambao hakuna anayewatengea kitu: watoto wa wakimbizi, wa wahamiaji, na wa wenyeji waliosahauliwa na kila ofisi. Mtoto atafanya mtihani mmoja wa kumpangia gredi. Karatasi hazitasahihishwa na walimu wa shule hizo, bali na wanachuo wanaosomea ualimu, ili pasiwe na upendeleo.

Mwaka wa kwanza upendeleo ulipita hivyo hivyo. Mzazi mmoja alimpa dereva wa chuo keki na barua ampelekee msahihishaji. Mwingine alikuwa na binamu miongoni mwa wasahihishaji. Watoto wawili wakaingia kwa mlango wa nyuma, na wawili waliostahili wakabaki barabarani. Ndipo kamati ikaweka utaratibu. Karatasi zikikusanywa zihesabiwe mbele ya mwalimu mkuu, zitiwe ndani ya bahasha, bahasha ibandikwe gundi, na msimamizi atie sahihi juu ya mfuniko. Ikifika chuoni imefunguliwa, karatasi zote zilizomo zinafutwa, na aliyeifungua hatapata faida yoyote ya ushirikiano ule kwa miaka miwili. Na wasahihishaji wasipokee chochote kutoka nje ya bahasha mpaka orodha ya nafasi ibandikwe. Hata simu zao, pamoja na ya Sista anayewasimamia, hukusanywa na kuwekwa ndani ya kopo la biskuti.

Ilikuwa kanuni nzuri. Anayeona ni kali mno na akawaulize wale wawili waliobaki barabarani.

Verediana alijua thamani ya utaratibu kwa sababu alikuwa mwalimu. Kwao Rombo, Tanzania, alifundisha hesabu darasa la tano kwa miaka minane, na wazazi walikuwa wakimwombea uhamisho usimfikie. Akamfuata mumewe Deusdedit huko Durban, mahali ambapo Deusdedit alikuwa mtunzaji wa nyumba moja kubwa ya wanafunzi wapangaji huko Glenwood, kazi ambayo anaifanya hadi leo: anaziba mabomba na kuamua kesi za nani kala jibini ya nani kwenye friji. Verediana alikipeleka ofisi ya elimu cheti chake cha ualimu. Wakakigeuza mbele na nyuma, wakasema hakitoshi nchi hii. Akaajiriwa shule ya parokia ya Glenwood, mojawapo ya zile nne, kama msaidizi wa darasa. Alichonga penseli, alifuta makamasi, alipanga viti, miaka kumi na miwili. Watoto walimwita mwalimu. Orodha ya wafanyakazi ilimwita msaidizi.

Mwaka huo chuo kikuu kilifungua mlango mwingine. Wasaidizi wa darasa wa shule zile nne wangepewa nafasi ya kusoma diploma ya ualimu, siku za Jumamosi na wakati wa likizo, na wakimaliza waandikishwe kuwa walimu kamili. Kila shule ingetoa mtu mmoja, mwenye utumishi wa miaka kumi, asiyezidi umri wa miaka arobaini na mitano wakati wa kuanza. Verediana alikuwa na arobaini na mitano kamili. Mwalimu mkuu, Bwana Anthony Moonsamy, aliliandika jina lake bila kuinua kalamu. Mwezi wa Septemba barua ikaja: amekubaliwa, masomo yanaanza Januari. Deusdedit akaitia kwenye fremu siku ile ile na kuipigilia ukutani.

"Sasa Mama Sia," akamwambia mkewe, akiwa bado na nyundo mkononi, "ukishakuwa mwalimu, mimi nitakuwa nakuitaje?"

"Utaniita unavyoniita."

"Hapana, heshima ni kitu cha lazima. Ukiingia nitakuwa nasimama. 'Shikamoo, mwalimu.'"

"Simama basi unishushie hiyo sufuria."

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, watoto thelathini na mmoja waliketi katika ukumbi wa shule kufanya mtihani. Mmoja wao alikuwa Constance, msichana wa miaka kumi na mitatu kutoka Uvira, Kongo, mrefu, mpole, asiyependa kutazamwa. Alikuwa na miezi minane tu Durban. Shule ya kwanza iliyompokea ilimweka gredi ya nne pamoja na watoto wa miaka tisa, na magoti yake hayakuingia chini ya dawati. Baba yake, Apollinaire, alikuwa kinyozi katika salon moja ya mjini. Alisikia habari za nafasi za shule za Kikatoliki siku moja baada ya misa, akamwandikisha.

Mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hapewi nafasi chini ya gredi ya sita. Constance akipangiwa ya sita au ya saba, ana shule. Akipangiwa chini ya hapo, hana. Na Apollinaire alikuwa ameshasema, bila hasira, kama mtu anayetangaza ratiba ya treni, kwamba hatamrudisha tena gredi ya nne akachekwe. Atabaki salon, asuke nywele.

Saa sita mtihani uliisha. Verediana, aliyekuwa msimamizi, akakusanya karatasi, akazihesabu, Bwana Moonsamy akazihesabu tena. Thelathini na moja. Bahasha ikabandikwa gundi, sahihi ikatiwa. Dereva wa chuo angefika saa saba na nusu kuichukua.

Alipotoka nje kunyoosha mgongo, alimkuta Apollinaire amechuchumaa na binti yake kwenye sakafu ya saruji ya uwanja wa netiboli. Constance alikuwa na kipande cha chaki.

"Maman Verediana, kuya uone," Apollinaire akaita. "Nilimuuliza, mutihani ilikuwa aje? Anasema ilikuwa mwepesi. Mimi nikasema, mutoto akisema mwepesi, iko hatari. Sasa ananionyesha. Constance, onyesha maman vile ulifanya."

Constance akaandika 1728. Kulia kwake akachora mstari wa kusimama, akaandika 36, akachora mstari wa kulala chini ya 36, na chini ya mstari huo akaandika 48. Kisha chini ya 1728 akaandika 288, na chini yake sifuri. Akaweka chaki chini. Haikuchukua muda wa kusema Salamu Maria.

Verediana aliinama akatazama. Yeye alifundishwa, naye akafundisha, kwamba jibu hukaa juu ya mstari, na chini yake inashuka ngazi ndefu ya kuzidisha na kutoa, kidato kwa kidato. Hapa ngazi haikuwepo.

"Hatua zako ziko wapi, mwanangu? Pale ulipotoa?"

"Ziko mu kichwa, maman."

"Mbona hukuziandika?"

Constance alimtazama baba yake kwanza. "Kule kwetu, ukiandika ile ya kutoa, mwalimu anakukata points. Anasema ile ni ya batoto badogo."

"Voilà!" Apollinaire akapiga paja. "Mimi walinichapaka fimbo sababu ya ile! Uko mwaka wa sita, unatoa na karatasi kama mutoto wa kwanza? Honte! Aibu!"

Verediana hakucheka. Alilipima jibu kichwani: thelathini na sita mara hamsini, toa sabini na mbili. Lilikuwa sahihi. Akamwandikia nyingine, 2975 kwa 35. Constance akaimaliza kabla baba yake hajafunga kamba ya kiatu. Themanini na tano. Sahihi.

"Maswali ya kugawanya yote uliyafanya hivi? Yote kumi?"

"Yote, maman."

Verediana akainuka. Alikuwa anaujua mwongozo wa kusahihisha, kwa sababu wasimamizi husomewa. Kila swali la kugawanya lilikuwa na alama nne: moja ya jibu lililoandikwa mahali pake juu ya mstari, tatu za hatua. Na chini kabisa paliandikwa sentensi moja: jibu lisilo na hatua lihesabiwe kuwa limenakiliwa. Constance hangepata alama ndogo. Angepata sifuri kumi, na jina la mwizi.

Wala hakuwa peke yake. Katika wale thelathini na mmoja, kumi na wanne walitoka Kongo na Burundi. Na kulikuwa na mwaka jana, na mwaka juzi. Verediana akamkumbuka kijana mmoja wa Bujumbura, Ndikumana, aliyefanya mtihani miaka mitatu nyuma. Alipokusanya karatasi yake aliiona imepangwa hivi hivi, akasema moyoni, huyu hajui kupanga kazi, akaifungia. Ndikumana alipangiwa gredi ya nne akiwa na miaka kumi na mitatu, akakosa nafasi, hakuonekana tena. Na darasani kwake mwenyewe, mara ngapi alikuwa amesimama juu ya daftari la mtoto wa Kikongo na kumwambia, "Futa, andika vizuri"?

Tusimwonee huruma mapema. Mtu aliyefundisha hesabu miaka minane alipaswa kusimama dakika moja na kulipima jibu kabla ya kuidharau njia. Hakusimama. Kosa hilo lilikuwa lake, na yeye ndiye wa kwanza kulisema.

Alimkuta Bwana Moonsamy ofisini, ameanza kula bani, mkate uliojazwa mchuzi wa maharage, aliyoagiza dukani kwa jirani, bahasha ikiwa mbele yake mezani. Akamweleza yote, akamchorea kwenye karatasi. Moonsamy alikuwa mtu wa haki, mzaliwa wa Chatsworth, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati siku ile kanuni ya bahasha ilipoandikwa. Aliandika kila neno kwa mkono wake.

"Eish, Verediana," akasema, akijifuta vidole. "Mpigie Sista."

Akampigia. Simu ililia mpaka ikakata. Ilikuwa imeshaingia kwenye kopo la biskuti.

"Mwandikie barua, umpe dereva."

"Barua ya dereva itawekwa kando, Mwalimu. Tangu ile ya keki. Kanuni yako."

"Basi tusubiri Jumatatu."

"Jumatatu orodha itakuwa ukutani. Na orodha ikishabandikwa haibadilishwi. Hiyo nayo ni yako."

Moonsamy akasukuma sahani. Wote wawili wakaitazama bahasha. Kisha Moonsamy akasema kwa sauti ya chini.

"Ukiifungua, karatasi thelathini na moja zinafutwa. Si za hao kumi na wanne tu. Kuna watoto humo wameandika vizuri kwa njia ya hapa, wamelala na vitabu. Umewafikiria hao?"

"Nimewafikiria. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

"Na?"

"Mtihani unaweza kurudiwa, Mwalimu. Mwaka wa mtoto haurudiwi. Hawa kumi na wanne wataitwa wezi, na juu ya neno hilo kuna sahihi yangu."

"Na diploma yako? Nani atakupa nafasi ukishaifungua?"

Verediana aliitazama sahihi yake juu ya mfuniko. Kwa dakika moja alitamani kwa moyo wote kwamba asingetoka nje kunyoosha mgongo. Kisha akasema, "Hiyo ni yangu. Ya kwangu naweza kuiachia bila kuomba ruhusa ya mtu."

"Mimi nitaandika ripoti. Usinifikirie vibaya."

"Andika. Uandike na saa."

Akafungua mlango wa ofisi, ili anayepita aone. Akachukua mkasi, akakata mfuniko wa bahasha. Alizihesabu karatasi, hakuandika chochote kwenye karatasi ya mtoto yeyote. Alitia ndani ukurasa mmoja alioandika mwenyewe, wenye mfano ambao haukuwa kwenye mtihani, unaoonyesha jinsi watoto wa Kongo na Burundi wanavyofundishwa kugawanya: jibu hukaa wapi, hatua ziko wapi, na kwa nini hazionekani. Chini yake akaandika: Mimi, Verediana Shirima, nimeifungua bahasha hii saa saba kasoro dakika tano, mbele ya mwalimu mkuu. Nilikuta karatasi thelathini na moja, nimeacha thelathini na moja. Najua adhabu yake. Akaibandika upya, akatia sahihi ya pili pembeni ya ile ya kwanza.

Dereva alipofika, Verediana alimkabidhi bahasha.

Nyumbani Deusdedit alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Mama Sia," akasema. "Miaka kumi na miwili. Umeitupa kwa mkasi."

"Sikuitupa. Niliiweka mezani."

"Watoto wa watu kumi na wanne! Baba zao wangekufanyia hivyo wewe?"

"Sijui. Sikuwauliza."

Deusdedit akatazama fremu ukutani. Alikuwa ameudhika, na alikuwa na haki ya kuudhika, maana ndoto ile haikuwa ya mtu mmoja. Baadaye akauliza, "Huyo Apollinaire anajua?"

"Hajui, na usimwambie."

"Kwa nini?"

"Ataniletea mbuzi."

"Mbuzi, Durban hii? Atampandisha taxi?"

"Humjui Apollinaire. Atamkalisha kiti cha mbele."

Deusdedit akacheka bila kupenda, na hapo jioni ile ikapoa kidogo.

Jumatatu kamati ilikutana chuoni: wakuu wa shule nne, na Sista Thandazile, msimamizi wa wasahihishaji na mhadhiri wa ufundishaji wa hesabu, mwanamke wa Kizulu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sifa ya kutovumilia uzembe. Verediana aliitwa, akaketi kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango.

"Jumamosi saa tisa nilifungua bahasha," Sista akaanza, "na kitu cha kwanza kunijia mkononi ni ukurasa huu. Hawu! nikasema, ni nani huyu mwenye ujasiri? Nikasimamisha kazi. Karatasi zimefutwa, kama kanuni inavyosema. Lakini kabla hatujaziweka kando, nilichukua moja, nikawaonyesha wanachuo wangu. Nikauliza, mngempa ngapi huyu? Mmoja akanijibu kweli. 'Sifuri, Sista. Ningeandika kwamba amenakili.'"

Akafungua jalada lililokuwa mbele yake.

"Karatasi za zamani tunazihifadhi ghalani. Jana baada ya misa tulizitoa, mimi na wanachuo kumi. Miaka mitano, shule nne. Tumewakuta watoto sitini na watatu walioandikiwa kwamba wamenakili. Tumepima majibu yao moja moja. Hamsini na wawili kati yao walikuwa na majibu sahihi."

Akavua miwani.

"Chuo chetu na shule zetu tuliungana ili mtoto asiyekuwa na mtu apate mizani ya haki. Tukatengeneza mizani. Tukaifungia kwa gundi. Hatukuuliza kama mizani yenyewe ni sawa."

Mambo yaliyofuata yaliamuliwa haraka, kama yanavyoamuliwa watu wakiona aibu ya kweli. Mtihani ungerudiwa katika shule zote nne baada ya majuma mawili. Mwongozo wa kusahihisha ungeandikwa upya, na njia zote mbili zitambuliwe. Kabla ya hapo wazazi wa Kikongo na Kirundi wangealikwa chuoni, wawafundishe wanachuo jinsi wao walivyofundishwa. Na majina ya wale hamsini na wawili yatafutwe, kila parokia itangaze.

Kisha Sista akasema, "Imebaki adhabu ya Bi Shirima. Mimi napendekeza tuiache."

Bwana Moonsamy akainua mkono. "Mimi ndiye niliyeandika ripoti, kwa sababu ilinipasa. Sasa naomba ripoti hiyo iwekwe chini ya droo."

Wakuu wengine wakaitikia kwa vichwa. Ingekwisha hapo. Nani angelalamika? Verediana akasimama.

"Nawashukuru," akasema. "Lakini msinisamehe."

"Keti, mama," Sista akasema kwa upole. "Umefanya jema."

"Kama ni jema, Sista, halihitaji kufichwa. Mimi nimefungua kwa ajili ya watoto kumi na wanne. Mkiniacha, mwakani mwingine atafungua kwa ajili ya mpwa wake, naye atasema, mbona yule wa Glenwood aliachwa? Na atakuwa na hoja. Kanuni hii iliwekwa kwa sababu watoto wawili walibaki nje. Sitaki iharibike mikononi mwangu. Niliandika kwamba najua adhabu. Sikuandika kwa utani."

"Unajua maana yake kwa diploma yako?"

"Najua."

Sista Thandazile akachukua kalamu, akaiandika adhabu.

Wapo waliosema kwamba hicho kilikuwa kiburi. Deusdedit alikuwa mmoja wao, na alilisema mara tatu wakati wa chakula. Mimi sikubaliani nao. Kuna watu wanaodhani kanuni ni ukuta, ama uuheshimu ama uubomoe. Kanuni ni ahadi tuliyopeana. Inaweza kuja siku ambayo mtu mwema hana budi kuivunja, kwa sababu kuishika kungemfanya mwongo. Lakini siku hiyo adhabu aibebe mwenyewe, asimtwishe mwingine, wala asijifanye haikuwepo. Wavunjaji wa kanuni tunao wengi. Wanaobeba adhabu ni wachache mno, na ndiyo sababu tumekuwa tunashuku kila anayejiita mtetezi wa haki.

Jumamosi iliyofuata, Apollinaire alisimama mbele ya wanachuo thelathini amevaa suti yake ya misa. Mwanzoni sauti haikutoka. Aliposhika chaki ikatoka yote.

"Weka kalamu chini! Wote! Na kichwa, na kichwa! Wewe dada, vidole ni vya nini? Uko université na unahesabu na vidole, eish!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Verediana alisimama kando akitafsiri. Baada ya nusu saa msichana mmoja wa Kizulu aligawanya 3216 kwa 48 bila kuandika kutoa hata mara moja, akapata sitini na saba, wenzake wakampigia makofi na vigelegele. Kisha wanachuo wakamwita Apollinaire naye aje ajaribu ngazi yao. Akaanza vizuri, akapotea katikati, akasahau kushusha tarakimu, akaishia na baki kubwa kuliko kigawanyo chenyewe.

"Papa!" Constance akacheka kutoka kiti cha nyuma, mara ya kwanza watu wa shule kusikia kicheko chake. "Umekatwa points!"

"Nyamaza wewe. Hii ngazi yao iko ndefu, mutu anachoka mbele ya kufika."

Mtihani ukarudiwa. Constance alipangiwa gredi ya saba. Kati ya wale kumi na wanne, kumi na mmoja walipata nafasi, na hakuna mtoto wa njia ya hapa aliyepoteza nafasi aliyoistahili. Kati ya hamsini na wawili wa zamani, ishirini wamepatikana mpaka sasa, na kumi na watatu wamerudi shule. Ndikumana hajapatikana. Jina lake bado linasomwa parokiani kila mwisho wa mwezi. Vyuo viwili vya miji mingine vimeandika kuomba mwongozo mpya.

Apollinaire aliipata habari ya mkasi kwa Bwana Moonsamy, akaja mbio mpaka lango la shule.

"Maman! Unatufanyia hivi halafu unanyamaza? Tutakulipa na nini, vraiment, kweli kabisa?"

"Mlete Constance saa moja na nusu kila siku, asichelewe. Basi."

"Ile tu?"

"Hiyo tu. Na mbuzi sitaki."

"Mbuzi gani?" akauliza Apollinaire, akishangaa kweli.

Adhabu ilikuwa miaka miwili. Nafasi ya diploma ilipewa Atupele, msaidizi wa shule ya Chatsworth, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, naye anasoma kwa bidii. Umri wa mwisho wa kupokelewa ni miaka arobaini na mitano, na Verediana ametimiza arobaini na sita. Bado ni msaidizi wa darasa, na kwa taratibu zilizopo hataandikishwa kuwa mwalimu katika nchi hii.